Hitilafu ya mawasiliano ya vihisio vya gari na namna ya kuibaini

KATIKA mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, hukutana barabara kuu zitokazo Arusha, Singida na Dodoma kupitia Kondoa. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na safari ndefu za magari madogo zikawa nyepesi zaidi. Mengi ya magari hayo yaliwahi kutumika Japan, na baadhi yake yana kamera na rada za kumsaidia dereva.

Vifaa hivyo, ambavyo mafundi wengi huviita sensa, hutazama barabara, hupima umbali wa gari lililo mbele na huweza kufunga breki dereva asipochukua hatua. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight, unaotumia kamera mbili, nchini Japan mwaka 2008. Toyota ilileta Safety Sense mwaka 2015. Kuanzia Novemba 2021, Japan ilizilazimisha aina mpya za magari ya abiria yanayotengenezwa nchini humo kuwa na breki za kujifunga zenyewe. Hivyo, magari ya namna hii yatazidi kuonekana katika gereji za mikoani.

Tatizo linalowasumbua wamiliki wengi ni taa kadhaa za tahadhari kuwaka kwa pamoja, pengine zikifuatana na ujumbe ulioandikwa kwa Kijapani. Wapo wanaokimbilia kununua kamera au rada nyingine kwa gharama kubwa, kisha taa zikabaki vile vile. Mara nyingi kihisio huwa kizima, ila kimepoteza mawasiliano na wenzake.

Kompyuta za gari huzungumza kupitia mtandao uitwao CAN, uliotangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Mtandao huo hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kamera inapoona hatari, hupeleka taarifa humo, na kompyuta ya breki ndiyo inayofunga magurudumu. Kompyuta ya breki ikinyamaza, kamera nayo hujizima kwa kuwa haina wa kumtuma. Ndiyo maana taa inayowaka haionyeshi daima kifaa chenye kosa.

Hatua ya kwanza ni kuuliza tatizo lilianza lini. Je, ni baada ya kuosha injini, kunyoosha bampa, kubadili betri, au kufunga redio, kengele ya wizi au kifaa cha kufuatilia gari? Mikono iliyopita karibuni ndiyo huanza kuchunguzwa. Panya nao hutafuna nyaya za magari yanayolala muda mrefu. Ni vema pia kutenganisha hitilafu na uchafu: vumbi au tope likiziba kamera au rada, mfumo hujizima kwa muda na hurejea ukisafishwa.

Hatua ya pili ni umeme. Betri nzima ya volti 12, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, kwa kawaida kipimo huwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Umeme ukishuka wakati wa kuwasha gari, kompyuta hukatika kwa muda mfupi na kuacha misimbo mingi ya kupotosha.

Hatua ya tatu ni kusoma misimbo kwa mashine inayofikia kompyuta zote, kwa kuwa vifaa vya bei nafuu husoma injini peke yake. Misimbo inayoanza na herufi U inahusu mawasiliano. U0121 humaanisha kupotea kwa mawasiliano na kompyuta ya breki za ABS, U0235 na kihisio cha umbali cha mbele, na U023A na kompyuta ya kuchakata picha. Fundi ayaandike yote, ayafute, aliendeshe gari, kisha asome tena ili kujua yepi yamerudi.

Hapo hutazamwa nani anamlalamikia nani. Kompyuta tatu zikimlalamikia mmoja, yeye ndiye wa kuchunguzwa kwanza: fyuzi yake, waya wake wa athi, na soketi yake iwapo ina kutu, maji au pini iliyopinda. Ikiwa kompyuta nyingi hazipatikani kabisa, mashaka yahamie kwenye mtandao wenyewe.

Mtandao hupimwa kwa mita ya kawaida. Betri hufunguliwa, husubiriwa dakika kadhaa, kisha ukinzani hupimwa kati ya tundu la 6 na la 14 la soketi ya kupimia gari. Kwa kuwa kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120, kipimo sahihi huwa karibu na omu 60. Kikisoma 120, upande mmoja umekatika. Kikikaribia sifuri, nyaya hizo mbili zimegusana. Hata hivyo, katika baadhi ya magari kamera na rada ziko kwenye tawi lililotengwa na soketi hiyo, na hapo fundi huhitaji mchoro wa nyaya wa gari husika.

Waya ukikutwa umekatika, uunganishwe vizuri na kurudishiwa msokoto wake, maana ndio unaoukinga mtandao dhidi ya mwingiliano wa umeme. Baada ya kubadili kioo cha mbele, au kung'oa rada, ambayo katika magari mengi ya Toyota imekaa nyuma ya nembo ya mbele, vifaa hivyo huhitaji kurekebishwa shabaha. Japan tangu Aprili 2020 inazitaka gereji zinazofanya kazi hiyo ziwe na kibali maalumu.

Kwa dereva, taa hizo zikiwaka ni amri ya kutotegemea msaada wa gari. Breki ya mguu kwa kawaida huendelea kufanya kazi, lakini taa ya ABS ikiwamo, magurudumu yanaweza kujifunga na kuteleza breki ikikanyagwa kwa nguvu. Apunguze mwendo, aongeze nafasi kati yake na gari la mbele, na taa ya breki nyekundu ikiwaka asimame mahali salama. Kuziba taa hizo au kuchomoa balbu zake ni kumuuzia mnunuzi ajaye ajali.