Bakteria wanaovunja sumu ya wadudu: wanafanyaje kazi?

Naulizwa sana kama kweli kuna bakteria "wanaokula" sumu za mashambani au ni porojo za mtandaoni. Ni kweli wapo, ila kazi yao ina mipaka. Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne tu, si mkemia, kwa hiyo naeleza kwa Kiswahili cha kawaida.

SUMU YENYEWE
Oganofosfati ni kundi la sumu za wadudu lililotokana na kazi za mkemia Mjerumani Gerhard Schrader miaka ya 1930. Kazi hizohizo zilizaa sumu za vita, tabun (1936) na sarin (1938). Kwenye vibandiko vya chupa utakutana na diazinoni, profenofosi, klopirifosi au dimethoeti. Zote zinaziba kimeng'enya cha mwilini kinachozima ujumbe wa neva. Ujumbe usipozimwa, mate na jasho vinatoka ovyo, misuli inatetemeka, mwisho pumzi inakata. Mdudu anakufa hivyo, na mtu vilevile.

WALIPATIKANA WAPI
Mwaka 1973 watafiti Sethunathan na Yoshida, waliofanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI huko Ufilipino, walitangaza bakteria wa jamii ya Flavobacterium anayevunja diazinoni na parathioni. Alitoka kwenye jaruba la mpunga lililowekwa diazinoni. Baadaye, miaka ya 1980, ikaonekana kwamba bakteria mwingine wa Marekani, Pseudomonas diminuta, ana jeni ileile. Jeni hiyo inakaa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA ambacho bakteria wanaweza kupeana.

KINAVYOFANYA KAZI
Kimeng'enya chenyewe kinaitwa fosfotriesterasi. Katikati yake kuna atomi mbili za zinki zinazoshika maji. Maji hayo yanaishambulia fosforasi ya sumu na kukata mkono wake mmoja. Basi, sumu haiwezi tena kuziba neva. Kimeng'enya hakiishi, kinahamia molekuli inayofuata. Kwa paraoksoni (ile ambayo parathioni hugeuka ikiingia mwilini), kimoja kinaweza kuvunja maelfu ya molekuli kwa sekunde moja!

KIMETUMIKA WAPI
Australia, watafiti wa CSIRO walipata kimeng'enya cha jamii hiyo kwa bakteria wa udongo Agrobacterium radiobacter, wakakieleza mwaka 2002. Kikazaa bidhaa ya LandGuard, ya kusafisha maji yenye sumu, yakiwemo yanayobaki baada ya kuogesha kondoo. Majosho yetu ya ng'ombe nayo yamewahi kutumia oganofosfati, mfano klofenvinfosi, kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

MIPAKA YAKE
1. Si kila sumu inavunjwa sawasawa. Klopirifosi huvunjwa polepole zaidi kuliko paraoksoni, na sumu za makundi mengine hazimo kabisa.
2. Mabaki si maji safi. Parathioni ikivunjwa inaacha nitrofenoli, ambayo bado ni uchafu wenye madhara.
3. Si ruhusa ya kuosha bomba la kupulizia mtoni eti bakteria watamaliza.
4. Si dawa ya kunywa. Mtu akipata sumu, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali na chupa au kibandiko chake. Huko ndiko kuna atropini.

Na hili wakulima walijue: kule Ufilipino udongo uliozoea diazinoni uliivunja haraka kuliko udongo ambao haujawahi kuipata. Yaani ukirudia sumu ileile kila msimu, unaweza kuwa unawalisha bakteria huku wadudu wakiendelea kutafuna. Ukiona dawa imepungua nguvu, usikimbilie kuongeza kipimo. Anayevuta hewa ile ni wewe na watoto wako, si bakteria.

Naomba kuwasilisha. Wenye majosho na mashamba ya nyanya, tupeni uzoefu wenu hapo chini.