Kutoka Kiziba hadi Kabaile: safari ndefu ya sampuli za Buhaya

Mgonjwa wa homa akifika Hospitali ya Rubya, wilayani Muleba, hutobolewa kidole. Tone la damu hupakwa kwenye kioo chembamba na kutiwa rangi, kisha mtaalamu wa maabara huinamia hadubini kutafuta vimelea vya malaria. Siku hizi kipo pia kipimo cha haraka, kinachotoa jibu kwa dakika kama ishirini. Jibu hupatikana chini ya paa lile lile alilofikia mgonjwa. Aliyezoea hali hiyo huiona ya kawaida, lakini kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria, wameona mara nyingi damu yao ikipelekwa kupimwa mbali.

Mwaka 1897 watu wa Kiziba, kaskazini ya Bukoba, walikuwa wakifa kwa ugonjwa walioujua kwa jina la rubwunga. Homa ilipanda ghafla, mitoki ikavimba, na wengi hawakumaliza wiki. Daktari wa Kijerumani, Zupitza, alikwenda huko akachukua sampuli, zikapelekwa Dar es Salaam kwa Robert Koch, bingwa wa vijidudu aliyekuwa amefika pwani mwaka huo. Reli haikuwapo. Mizigo ya kutoka ziwani ilishuka pwani vichwani mwa wapagazi, mwendo wa majuma mengi. Bakteria wa tauni, ugonjwa ambao sampuli hizo zingeufichua, naye alikuwa mgeni kwa wanasayansi: Alexandre Yersin alikuwa amemtambua Hong Kong miaka mitatu tu kabla ya hapo. Koch alithibitisha kwamba rubwunga ni tauni, na taarifa zake zikaiingiza Kiziba katika vitabu vya tiba vya Ulaya. Sayansi ilifaidika sana. Mgonjwa wa Kiziba hakufaidika na chochote, kwa sababu tauni huua kwa siku chache na dawa yake ilikuwa haijapatikana.

Miaka kumi baadaye hadubini yenyewe ilipanda hadi ziwani. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeangamiza watu wengi mno upande wa Uganda, na vijana wa Kiziba waliokwenda huko kutafuta kazi walirudi nao. Koch aliweka kambi katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 hadi 1907, na upande uliotawaliwa na Wajerumani ikafunguliwa kambi ya wagonjwa Kigarama, Kiziba, chini ya Dk. Feldmann. Upimaji haukuhitaji mashine kubwa. Daktari alipapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, akachoma sindano, akavuta majimaji kidogo na kuyatazama kwenye hadubini. Vimelea vya malale huonekana vikijinyonganyonga katikati ya seli.

Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo sifa za Koch hulifunika. Kipimo kilikuwa kimemfikia mgonjwa, lakini mgonjwa hakuwa na sauti. Dawa aliyoitumia Koch, atoxyl, ilikuwa na aseniki. Alipoongeza dozi yake, wagonjwa zaidi ya ishirini walipofuka. Hadubini ilifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kumtetea aliyelala kitandani.

Halafu ukaja mwaka 1983. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka huo, kwa dalili tu: kukonda, kuharisha, homa isiyokwisha. Virusi ndiyo kwanza vilikuwa vimeonekana katika maabara ya Paris, na kipimo cha damu hakikuwapo. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo zilizopita mpakani.

Kipimo kilichokuja kuufichua kilikuwa Elisa, njia ya kunasa kingamwili na kuzionyesha kwa rangi, iliyobuniwa Stockholm mwaka 1971. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, akiwemo Japheth Killewo, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walipita kaya kwa kaya mkoani Kagera wakichukua damu. Bukoba mjini, watu wazima 24.2 kati ya kila 100 walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba walikuwa 10. Ngara na Biharamulo, katika mkoa huo huo, hawakufika hata mmoja. Kwangu mimi takwimu hizi ndizo kazi kubwa kuliko zote zilizofanywa na maabara katika historia ya Buhaya. Zilionyesha ugonjwa uko wapi na haujafika wapi, wakati mazungumzo ya mitaani yalikuwa ya uchawi na laana. Watafiti waliporudi mjini Bukoba mwaka 1993 walikuta 18.3, na mwaka 1996, 13.3.

Mbali na damu, Muleba imetoa pia elimu kuhusu mbu. Baada ya mlipuko wa malaria wa mwaka 2006, mbu wa wilaya hii walianza kuonyesha usugu kwa dawa za vyandarua. Kuanzia mwaka 2014, watafiti wa Tanzania na Uingereza walijaribu vyandarua vilivyoongezwa kemikali iitwayo PBO, inayovunja usugu huo. Matokeo ya Muleba yalilifanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, kupendekeza vyandarua hivyo.

Machi 2023 ugonjwa usiojulikana uliua watu Maruku na Kanyangereko, Bukoba vijijini. Sampuli zilikwenda Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam, na Machi 21 serikali ikatangaza: virusi vya Marburg. Kipimo kilikuwa PCR, njia ya kurudufisha kipande cha kinasaba mpaka kionekane, wazo lililomjia Kary Mullis wa California mwaka ule ule wa 1983. Watu tisa waliugua na sita wakafariki. Marburg iliporudi Januari 2025, upande wa Biharamulo, sampuli zilipimwa kwanza katika maabara tembezi ya Kabaile, ndani ya Kagera, ndipo zikathibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13.

Lakini si kila sampuli imeacha kusafiri mbali. Mwaka 2021 matone ya damu yalikaushwa kwenye karatasi katika vituo vya afya vya Kagera, katika utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ulioongozwa na Deus Ishengoma. Usomaji wa vinasaba ulifanywa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Asilimia 7.7 ya vimelea vya malaria vya Kagera, na asilimia 22.8 ya vile vya Wilaya ya Karagwe katika mkoa huo, vilikuwa na badiliko katika kinasaba cha K13 linalopunguza nguvu ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto. Kompyuta zilipolinganisha herufi za vinasaba pembeni mwa badiliko hilo, zikaonyesha kwamba baadhi ya vimelea hivyo ni ukoo mmoja na vya Rwanda. Hadubini ya Rubya haiwezi kuona tofauti hiyo: kimelea sugu na kisicho sugu hufanana kabisa kwenye kioo. Mganga wa Muleba anayetoa dawa mseto leo anategemea usomaji unaofanyika mbali na wodi yake, na ndiyo maana mashine za kusoma vinasaba zinatakiwa Kagera kwenyewe, pamoja na vijana wa kuziendesha.