Niliandika miaka 2,000. Nilijua si hivyo

Wiki iliyopita nilifuta ile video ya ngazi za mpunga za Ufilipino. Wengi mmeniuliza kama akaunti imevamiwa. Hapana. Niliifuta mwenyewe, na ndiyo iliyokuwa imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka.

Juu ya ile video nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba ngazi hizo zina miaka 2,000. Shida si kwamba nilikosea. Mtu akikosea anasahihisha, maisha yanaendelea. Shida ni kwamba mwongozaji wangu alikuwa ameniambia ukweli tukiwa bado mlimani, nami nikaamua kuweka namba kubwa kwa sababu inavutia. Kwa hivyo leo mtanivumilia niandike kirefu.

Nilifikaje huko? Mteja wangu alioa Mfilipino, akanisafirisha hadi Manila nipige video ya harusi. Baada ya harusi nilibaki na siku tatu. Nikapanda basi la usiku kuelekea kaskazini, mwendo wa usiku kucha, mpaka Banaue katika mkoa wa Ifugao, ndani ya milima ya Cordillera kisiwani Luzon. Banaue ndiyo iko kwenye ile noti yao ya peso 20. Lakini wenyeji watakwambia twende mbele, Batad. Unapanda gari la abiria mpaka kwenye mgongo wa mlima, halafu unashuka na miguu.

Mimi ni mtoto wa Mwea. Nimekua ndani ya mpunga. Nimefukuza ndege shambani kabla ya kwenda shule, nimepandikiza miche mgongo ukitaka kukatika. Kwa hivyo nilienda Batad nikijiamini kidogo, eti mimi mchele naujua. Kisha tukakata kona.

Chukua jukwaa la Kasarani, lifanye liwe kubwa mara nyingi, lipinde lizunguke bonde, halafu kila safu ya viti iwe shamba lenye maji na mpunga wa kijani. Chini kabisa kuna kijiji. Mwea yetu ni tambarare, maji yanatembea polepole kwenye mifereji. Pale maji yanashuka ngazi. Na kuta zinazoshikilia mashamba ni za mawe, zingine zimenipita urefu, zimepangwa bila saruji.

Njia ya kutembea ni juu ya hizo kuta. Mguu mmoja mbele ya mwingine, upande mmoja matope, upande mwingine hewa. Mwongozaji, mwanamume wa kama miaka 40, alikuwa amevaa ndala. Mimi nilikuwa na viatu vya mlimani vya kuazima na nilianguka mara mbili. Sheria yake ilikuwa moja: kanyaga jiwe, usikanyage udongo. Udongo ukibomoka pembeni, maji yanapata njia, na ukuta unaanza kufa kutoka ndani.

Kila tukipumzika alikuwa ananionyesha jinsi mambo yanavyofanya kazi. Juu kabisa, juu ya mashamba, kuna msitu. Wanauita muyong. Ni msitu wa familia, si wa serikali. Unashika mvua na kuiachilia polepole, na hapo ndipo maji ya shamba yanatoka. Ukikata muyong, ngazi zako zinakauka, na za jirani yako wa chini pia. Maji yanapita shamba moja hadi jingine, kwa hivyo huwezi kugombana na jirani ukalala vizuri. Mpunga wao wa asili unaitwa tinawon, na unavunwa mara moja tu kwa mwaka. Wakati wa kupalilia na kuvuna kuna nyimbo ndefu za hadithi, hudhud, ambazo mara nyingi zinaongozwa na wanawake wazee. UNESCO ilizitambua mwaka 2001.

Basi nikamuuliza swali ambalo kila mgeni anauliza. Hizi zina miaka mingapi?

Akacheka. Akasema watalii wanapenda 2,000. Wazee wake wanahesabu kwa majina ya mababu, si kwa miaka. Lakini wanaakiolojia wamechimba, na watu wa hapo wenyewe walisaidia kuchimba, na majibu yaliyotoka ni kama miaka 400. Alisema hivyo akijua ninarekodi. Ninayo sauti yake. Nikaikata.

Sasa twende kwenye historia yenyewe, kwa sababu niliporudi nyumbani nilisoma kwa aibu.

Ile namba ya miaka 2,000, wengine husema hata 3,000, ilienezwa na wasomi wa Kimarekani wa mwanzo wa karne ya 20, hasa Henry Otley Beyer na Roy Barton. Marekani ilikuwa imeinunua Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898 kwa dola milioni 20, na wasomi wakafuata. Beyer hakuwa mgeni wa kupita, alioa Mwifugao na akafundisha Chuo Kikuu cha Ufilipino miaka mingi. Lakini hesabu yake haikutoka kwenye udongo. Walitazama ukubwa wa kuta, wakakadiria kazi kama hiyo ingechukua muda gani, wakatoa namba. Ikaingia vitabuni, ikaingia kwenye mabango, ikaingia kwenye video yangu.

Mwaka 1962 msomi mwingine, Felix Keesing, alipinga. Alisema ngazi zilikuja baada ya Wahispania kufika. Wengi hawakumsikiliza. Halafu mwaka 2009 mwanaakiolojia Mfilipino, Stephen Acabado, akatoa matokeo ya vipimo vya kaboni kutoka kwenye ngazi za Banaue, na kuanzia 2012 akachimba na wenzake pamoja na wenyeji kwenye kijiji cha kale cha Kiyyangan. Picha iliyotoka ni hii: watu waliishi pale kabla, lakini hawakuwa wakilima mpunga wa majini. Walikuwa wakilima nduma. Ndiyo, nduma, ile ile ya kunywa nayo chai asubuhi. Mpunga wa majini ulipanuka haraka kuanzia miaka ya 1600 hivi.

Kwa nini wakati huo? Wahispania waliiteka Manila mwaka 1571, kisha wakaanza kupanda kuelekea mabonde ya kaskazini. Pamoja nao kulikuja kodi, kazi za lazima na kuhamishwa ili watu wakae karibu na kanisa. Wengine walikimbilia milimani. Milima ikajaa watu, na nduma peke yake haingetosha. Mpunga unalisha wengi, unawekwa ghalani, unapikwa kwenye sherehe zinazofunga watu pamoja. Wahispania walituma askari Ifugao mara nyingi, na hawakuwahi kuishika sawasawa. Zile kuta zilikuwa jibu lao.

Si kila mtu anakubali. Kuna Waifugao ambao wakisikia miaka 400 wanahisi wamenyang'anywa kitu, na ninawaelewa. Lakini kwangu mimi miaka 400 ni kubwa kuliko 2,000. Ile 2,000 inakuonyesha watu wasiobadilika, wanaopanga mawe polepole tangu enzi na enzi, hawana habari na dunia. Ni picha ambayo mtawala anaipenda. Mwaka 1904 Wamarekani walibeba watu wa milima hiyo ya Cordillera mpaka kwenye maonyesho ya dunia kule St. Louis wakawaweka watazamwe. Mtu ukishamwona hivyo, huwezi kuamini kwamba babu yake aliona himaya inakuja, akafikiri, akabadilisha chakula chake na mlima wake katika vizazi vichache tu.

Hapo ndipo nilianza kufikiria nyumbani. Kwa sababu sisi pia tuna matuta, na sisemi yale ya barabarani.

Ukipita Murang'a utaona milima imekatwa ngazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliamua udongo wa Waafrika unaisha, na ikalazimisha watu wachimbe matuta bila malipo, chifu akisimamia. Haikuuliza kwa nini watu wamebanana hapo ilhali ardhi nzuri imechukuliwa na walowezi. Wengi waliochimba walikuwa wanawake. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walianza kukataa, na 1948 wanawake wenyewe wakaasi, wakagoma kuchimba na kupanda nyasi. Wengine walikamatwa.

Ukambani ni hadithi nyingine tena. Huko pia kazi ya matuta ilianza kwa amri, na watu waliichukia. Lakini kuanzia miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vya hiari vilishika ile kazi vyenyewe, kwa sababu sasa mtu alikuwa anachimba shamba lake, anapanda kahawa na mboga, anauza. Machakos ambayo wakoloni walisema imekufa ikapona, na waliochimba wakaendelea kuchimba hata walipoacha kulazimishwa.

Na Mwea yangu? Ile mifereji niliyoogelea nikiwa mtoto ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau. Watu waliofungiwa kwa kudai ardhi walichimba shamba ambalo halikuwa lao. Hata baada ya uhuru mkulima wa Mwea alikuwa mpangaji wa bodi ya serikali, analima kwa leseni, anauza mpunga kwa bodi peke yake, mpaka wakulima walipoasi mwishoni mwa miaka ya 1990. Pishori hiyo mnayoisifia harufu ina historia hiyo ndani yake. Shuleni hakuna mtu aliyenifundisha, na mimi nilisomea hatua chache tu kutoka kwenye mfereji.

Tuta la Murang'a na ukuta wa Batad vinafanya kazi moja, kushika udongo na maji. Tofauti ni nani aliamua, na nani alikula. Mwongozaji alinipa hiyo tofauti bure nami nikaitupa kwa ajili ya namba.

Kuna jambo moja zaidi alilosema na ambalo nalo nilikata. Nilimuuliza kama ana shamba. Akanionyesha kwa kidole, mbali, sehemu ambayo ukuta umeporomoka na nyasi zimeota. Alisema mchele wa shamba hilo kwa mwaka hautoshi kulipa watu wa kuujenga tena. Kututembeza sisi kunalipa zaidi ya kulima. Lakini sisi tunakuja kuangalia mashamba, na asipolima hatutakuja. Watoto wake wako mjini. Hizi ngazi ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2001, zikatolewa 2012. Kutoka kwenye orodha hakujajenga ule ukuta wake. Na kwenye maji niliona mayai ya waridi ya konokono ambao waliletwa Ufilipino miaka ya 1980 ili waliwe, wakaishia kula mpunga. Hao hao waligunduliwa Mwea mwaka 2020. Mjomba wangu anawaokota kwa ndoo.

Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe niliacha chuo, nikaacha na shamba, nikachukua kamera. Siwezi kumhubiria mtoto wa mtu arudi kwenye matope.

Ninachoweza ni kusema ukweli kuhusu walichojenga. Video mpya imepanda jana. Ina miaka 400, ina nduma, ina sauti yake yote, hata pale anaponicheka nikianguka. Nimemtumia, na nimemtumia nusu ya pesa ambayo ile ya kwanza iliingiza. Watazamaji ni wachache mno. Sawa tu.

Ukienda Batad, chukua mwongozaji wa hapo hapo, mlipe vizuri, kanyaga jiwe. Na kabla hujaenda, kama una shosho kule Murang'a, muulize kuhusu matuta. Mimi nilimuuliza wangu Jumapili. Alikuwa mtoto wakati huo. Aliniambia mamake alikuwa akitoka alfajiri na jembe, siku za kazi ya chifu, na shamba lao wenyewe linabaki bila kupaliliwa. Kisha akaniuliza kwa nini nimechukua miaka yote hii kuuliza.