Ajali, mateke ya farasi na bei zinazoruka

Neno 'ajali' lina historia ya kutafakarisha. Katika Kiarabu lilikotoka, 'ajal' ni muda uliowekwa, hasa ule wa mtu kufa. Sisi tukalichukua na kuliegemeza kwenye tukio la ghafla: gari limepinduka, mtu kaanguka kisimani. Kwa hiyo limebeba mambo mawili yanayoonekana kupingana, la ghafla na lililopangwa. Kumbe wanahisabati nao wamehangaika na fumbo hilohilo kwa karibu miaka 200.

Mwaka 1837, Mfaransa Siméon Denis Poisson alichapisha kitabu kuhusu uwezekano wa mahakama kutoa hukumu sahihi. Humo mlikuwa na kanuni ya kuhesabu matukio ya nadra yasiyotegemeana. Ni Ladislaus von Bortkiewicz, mzaliwa wa St Petersburg, aliyeipa umaarufu mwaka 1898, na mfano wake haukuwa wa kawaida: askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi.

Tazama hesabu yake. Vikosi 10, miaka 20 (1875 hadi 1894), yaani rekodi 200. Waliokufa ni 122, wastani wa 0.61 kwa kila kikosi kwa mwaka. Ukiipa kanuni ya Poisson wastani huo peke yake, itakwambia kwamba rekodi zipatazo 109 hazitakuwa na kifo hata kimoja. Rekodi zenyewe zilikuwa ngapi? 109. Kifo kimoja kanuni ilikadiria mara 66, ilikuwa 65.

Sasa msomaji, mfikirie kamanda wa kikosi kilichopoteza askari wanne mwaka mmoja. Ni rahisi kusema alizembea, au eti farasi wake ni wakali kupita wa wenzake. Lakini katika rekodi 200, moja ya aina hiyo si ajabu hata kidogo. Labda alizembea kweli. Takwimu hiyo pekee haitoshi kumtia hatiani. Wangapi wamewahi kufutwa kazi kwa mwaka mmoja mbaya?

Mwaka 1903, Filip Lundberg wa Uswidi aliipeleka fikra hii kwenye bima. Michango ya wateja huingia kidogo kidogo kama maji ya bomba bovu, ilhali madai huja kwa kishindo. Swali lake: je, ni lini kishindo kitamaliza maji ya pipa?

Soko la hisa lilichelewa kulielewa somo hili. Louis Bachelier, katika tasnifu yake ya mwaka 1900 jijini Paris, alizichora bei kama kitu kinachoyumba bila kukatika. Kanuni mashuhuri ya Black na Scholes ya mwaka 1973 nayo ilidhani bei hazikatiki. Kwa dhana hiyo, anayeuza mkataba unaompa mwenzake haki ya kununua hisa baadaye kwa bei ya leo anaweza kujikinga kwa kurekebisha akiba yake ya hisa hatua kwa hatua.

Robert Merton alitia shaka mwaka 1976. Alichanganya myumbo wa kila siku na miruko inayokuja kwa kanuni ya Poisson, ileile ya mateke ya farasi. Bei ikiruka, huna hatua ya kati ya kujirekebisha. Wahenga walishasema ajali haina kinga.

Mwaka huohuo, mwanafizikia Daniel Gillespie alionyesha jinsi ya kuigiza miruko kwa kompyuta, akishughulikia molekuli zinazogongana. Kompyuta huchagua namba mbili kwa bahati nasibu: moja huamua mruko ujao utakuja baada ya muda gani, nyingine utakuwa wa aina gani. Kisha inarudia. Wanabiolojia wa leo huitumia kuchunguza jinsi chembe hai inavyotengeneza protini.

Jumatatu, Oktoba 19, 1987, faharasa ya Dow Jones mjini New York ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Wengi waliotegemea kujikinga hatua kwa hatua waliuza hisa kadiri bei zilivyoshuka, na kuuza kwao kukazidi kuzisukuma chini. Tangu hapo, mikataba ya kujilinda dhidi ya anguko kubwa imekuwa ikiuzwa ghali kuliko kanuni ya mwaka 1973 inavyodai.