Usugu Haukai Mwilini

Istilahi rasmi ni ndefu: usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Mitaani watu husema "mwili umezoea dawa", na hapo ndipo tunapopotea. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa msuguano, kama ile ya bega la mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Istilahi inaeleza vyema kwamba kinachoguswa mara kwa mara hukomaa. Lakini sugu ya mpagazi ilikufa naye. Bakteria aliyenusurika dawa hurithisha uwezo wake, na hata humgawia jeni bakteria wa aina nyingine. Kwa hiyo mwenye usugu ni kimelea, wala si mgonjwa, na kimelea husafiri.

Klorokwini ilianza kushindwa Asia ya Kusini-Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 usugu huo ukaonekana Afrika Mashariki, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria. Leo vimelea vyenye badiliko la jeni linalodhoofisha artemisinini, uti wa mgongo wa dawa mseto za malaria, vimeonekana Karagwe, kulikofikiwa zamani na tawi la kaskazini la njia ya misafara ya Tabora. Na mifugo je? Atasema mtu: malaria haimhusu ng'ombe. Kweli, ila bakteria wanamhusu. Mwaka 2015 watafiti wa China waliripoti jeni moja inayoishinda antibiotiki ya kolistini, wakiikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Katika mkoa wa wafugaji kama Tabora, antibiotiki ya oksitetrasaiklini anayodungwa ng'ombe hutoka kwa sehemu kubwa kwenye mkojo na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Samadi huenda bustanini, mvua huisomba hadi lamboni. Hospitali ikijilinda peke yake imefunga mlango mmoja kati ya mitatu: watu, mifugo na mazingira.

Pingamizi zito ni la mfugaji: daktari wa mifugo yuko mbali, na kumkataza sindano ni kumwulia ng'ombe. Sioni jibu katika marufuku. Jibu ni kupunguza haja ya dawa, kwa josho linalofanya kazi na kwa chanjo. Hata chanjo ya ndigana kali, ajabu kidogo, hutolewa sambamba na oksitetrasaiklini. Lakini hiyo ni dozi moja iliyopimwa, mahali pa sindano nyingi za kubahatisha.