Nyumba ya Kenge: Historia ya Vizimba vya Mijusi Wakubwa

Kizimba cha mjusi mkubwa kina kazi mbili: kumzuia mnyama asitoke, na kumpa hali ya hewa ya kwao. Kazi ya kwanza ilieleweka mapema. Kenge wa Afrika, iguana wa kijani wa Amerika ya Kati na Kusini na tegu wa Amerika Kusini, ambao leo hufugwa majumbani Ulaya na Marekani, wana kucha za kuchimbia na kukwelea, mkia unaochapa kama mjeledi, na nguvu za kung'oa wavu uliopigiliwa misumari midogo. Wajenzi wa mwanzo walikimbilia chuma, mbao nene na kufuli. Kazi ya pili ilichelewa sana kueleweka, na gharama ya kuchelewa huko waliilipa wanyama.

Jengo la kwanza duniani lililotengwa kwa ajili ya nyoka, mijusi na kobe lilifunguliwa mwaka 1849 katika bustani ya wanyama ya London, ndani ya banda la zamani lililofanyiwa ukarabati. Wanyama walikaa nyuma ya vioo, watazamaji wakapita mbele. Mwaka 1852 mtunzaji mmoja, Edward Girling, aliyekuwa amekesha akinywa pombe kali, alimtoa swila kizimbani kwa mzaha, akaumwa usoni na kufa siku hiyo hiyo. Kisa hicho kilisemwa sana magazetini, na si ajabu kwamba usalama wa binadamu uliendelea kutawala fikra za wajenzi kwa miaka mingi. Jengo lililofuata, la mwaka 1883, lilijengwa baada ya bustani kumuuza ndovu wake maarufu, Jumbo, kwa Mmarekani P. T. Barnum. Lilikuwa kubwa na la fahari, lakini kama majengo mengi ya enzi hizo lilitegemea kupasha joto ukumbi mzima kwa wakati mmoja.

Majumbani nako mambo yalianza kwa njia nyingine kabisa. Nathaniel Ward, daktari wa London, aligundua mnamo 1829 kwamba mimea huweza kuishi muda mrefu ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, hata katikati ya mji uliojaa moshi wa makaa ya mawe. Masanduku yake ya kioo yakawa pambo la sebule za wenye nafasi. Haukupita muda watu wakaanza kuweka vyura na mijusi wadogo kati ya mimea hiyo, na kabla ya karne ya 19 kwisha vitabu vya kufundisha ufugaji huo vilikuwa vimechapishwa Ujerumani na Uingereza. Kwa mjusi wa urefu wa kidole sanduku la Ward lilifaa. Kwa kenge lilikuwa ni kumpotezea mtu kioo chake.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mtu mmoja, Joan Beauchamp Procter, aliyezaliwa London mwaka 1897. Maradhi ya tumbo ya tangu utotoni yalimzuia kwenda chuo kikuu, lakini hayakumzuia kufuga mijusi na hata mamba mdogo nyumbani. Mwaka 1916 George Boulenger, mtaalamu wa reptilia wa makumbusho ya historia ya viumbe ya London, alimchukua kuwa msaidizi wake. Afrika Mashariki ina nafasi yake katika kazi yake ya awali. Mwaka 1922 alichapisha utafiti juu ya kobe bapa wa Kenya na Tanzania, yule mwenye gamba laini ambaye akiona hatari hujipenyeza katika ufa wa mwamba. Vielelezo vya kobe huyo vilikuwa vimekusanywa na Arthur Loveridge, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi na baadaye Tanganyika. Mwaka huo huo Loveridge alimpa nyoka mmoja wa misitu ya milima ya Uluguru jina la kisayansi la kumuenzi Procter, na jina hilo linatumika hadi leo.

Mwaka 1923 Procter alikabidhiwa reptilia wote wa bustani ya London. Akishirikiana na msanifu majengo Edward Guy Dawber, alibuni jengo jipya lililofunguliwa mwaka 1927. Ukumbi wa wageni uliachwa na giza, na mwanga ukawaangukia wanyama kutoka juu, kwa hiyo kioo hakikuakisi sura za watazamaji. Hilo ndilo lililowavutia wageni. La maana zaidi halikuonekana kwa macho: umeme ulileta joto tofauti katika sehemu tofauti, mnyama akaweza kuchagua mahali pa kukaa. Sehemu fulani za jengo ziliwekwa kioo kipya kilichopitisha miale ya urujuanimno ya jua, ambayo kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote.

Kioo hicho kilitokana na tiba ya watoto. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba watoto wenye matege hupata nafuu wakimulikwa kwa taa ya zebaki, kwa sababu miale yake huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mifupa haipati madini ya kutosha. Mjusi anayeota jua mchana kutwa ana hitaji hilo hilo. Akifungiwa gizani taya hulainika, mgongo hupinda, na miguu hushindwa kumbeba.

Jengo lilipofunguliwa lilipokea wageni wawili wazito: majoka ya Komodo kutoka Indonesia, waliopewa majina Sumbawa na Sumba. Spishi hiyo, mjusi mkubwa kuliko wote walio hai, anayefikia urefu wa mita 3, ilikuwa imeelezwa kisayansi mwaka 1912 tu na Peter Ouwens wa makumbusho ya Buitenzorg, ambayo sasa ni Bogor. Majoka wawili waliofikishwa New York mwaka 1926 na msafara wa W. Douglas Burden hawakuishi muda mrefu. Sumbawa alizoea nyumba yake mpya kiasi kwamba mwezi Oktoba 1928 Procter alimleta katika mkutano wa wanasayansi, mnyama akatembea mezani na kula kutoka mkononi mwake. Procter alifariki mwaka 1931, akiwa na miaka 34. Jengo lake lilitumika kwa zaidi ya miaka tisini.

Alichokifanya Procter kwa kutazama wanyama kilipata vipimo mwaka 1944. Raymond Cowles na Charles Bogert walipima joto la miili ya mijusi na nyoka wa jangwa la California, wakathibitisha kwamba wanyama hao hawabebwi tu na hali ya hewa. Huhama kutoka juani kwenda kivulini na kurudi, na kwa njia hiyo hushikilia joto la mwili katika kiwango wanachokitaka. Cowles alizaliwa Natal, Afrika Kusini, na kabla ya hapo alikuwa amechapisha utafiti mwingine wenye thamani kwa mjenzi wa kizimba: kenge wa majini wa Afrika hupasua kichuguu, hutaga mayai ndani, na mchwa huziba tundu wenyewe, mayai yakabaki katika joto na unyevu usiobadilika sana.

Wafugaji wa majumbani walichelewa kuyazingatia haya. Kwa miongo mingi nyumba ya mjusi ilikuwa tangi la samaki lililofunikwa wavu juu, joto na unyevu vikipotelea hewani. Biashara ya iguana ilipopamba moto Marekani katika miaka ya 1990, mamilioni ya watoto wa iguana kutoka mashamba ya El Salvador na Colombia wakiuzwa kwa bei ndogo, maduka yaliuza pia mawe bandia yenye waya wa umeme ndani. Mjusi ameumbwa kutafuta joto la jua kutoka juu, kwa hiyo wengi walilala juu ya jiwe hadi tumbo likaungua. Taa za kutoa miale ya urujuanimno zilipoenea, matege yalipungua kwa waliomudu kuzinunua.

Udongo ndio uliokuja mwisho. Kenge wa savana, anayesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin, huuzwa akiwa wa kutosha kiganjani na hufikia takriban mita moja. Kwao hushinda ardhini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Alipowekwa juu ya magazeti au vipande vya gome alinenepa, akakauka, akafa mapema. Wafugaji walioanza kumpa udongo wenye unyevu wa kina cha sentimita 60, pamoja na mahali pa kuota moto panapozidi nyuzi 50 za Selsiasi, walimwona akichimba mashimo na kutaga mayai.

Kizimba kilichotokana na ujuzi huo ni sanduku la mbao lililofungwa pande zote, la futi nane kwa nne, kwa sababu ndicho kipimo cha ubao mmoja wa plaiwudi. Ndani hupakwa rangi isiyopitisha maji. Mlango wa kioo huwa mbele, kwa kuwa mkono unaoshuka kutoka juu humtisha mnyama kama ujio wa ndege mwindaji, na hutiwa kufuli, maana kenge hujifunza upesi kusukuma kioo kinachoteleza. Wavu huepukwa kwa kuwa humchubua pua. Taa huwekwa upande mmoja ili upande wa pili ubaki na ubaridi. Udongo wa kina cha sentimita 60 katika sanduku la ukubwa huo hupita tani mbili, kwa hiyo fundi huimarisha sehemu ya chini kwa mbao nene na skrubu, na kizimba hujengwa palepale kitakapokaa, juu ya sakafu ya zege.