Waliotoka San Giovanni

Trieste ni mji wa bandari ulio kaskazini-mashariki ya Italia, karibu na mpaka wa Slovenia. Juu ya kilima kiitwacho San Giovanni ilifunguliwa, mwaka wa 1908, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili. Daktari Franco Basaglia alipokabidhiwa hospitali hiyo mwezi wa Agosti 1971, walikuwamo watu wapatao 1,200, na wengi wao walikuwa wamezeekea humo. Sheria ya mwaka wa 1904 ndiyo iliyowaingiza. Iliamuru afungiwe yeyote aliyedhaniwa kuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wenzake, au aliyeleta fedheha hadharani. Na hata mwaka wa 1968 aliyefungiwa aliandikwa jina katika daftari za mahakama, pamoja na wahalifu.

Wasimuliao habari za Basaglia hupenda kusimulia milango iliyofunguliwa. Mimi naona mlango ulikuwa jambo jepesi. Zito lilikuwa hili: mtu wa makamo, asiye na nyumba wala mshahara, asiyejua tena bei ya mkate, akishatoka aende wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa jina. Aliyeruhusiwa kutoka lakini hana pa kwenda hakuitwa tena mgonjwa. Aliitwa mgeni, akabaki na chumba na chakula pale pale, huku akiwa huru kuingia na kutoka apendavyo. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka upesi kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Kule Trieste jembe lilikuwa fagio. Tangu zamani wagonjwa walikuwa wakifagia, wakifua na kusaidia jikoni, na malipo yao yalikuwa tumbaku au vijisenti, maana kazi ilihesabiwa kuwa sehemu ya dawa. Wakaunda chama cha ushirika, kikatambuliwa kisheria mwaka wa 1973. Fagio likawa lile lile, walakini sasa kwa mkataba na kwa ujira kama wa wafanyakazi wengine. Mwenye ujira aweza kulipa kodi ya nyumba, na alipaye kodi huwa na ufunguo mfukoni mwake. Katika habari hii yote sioni kitu kikubwa kuliko ufunguo huo.

Mwaka huo huo wa 1973 wagonjwa, wauguzi na wasanii waliunda farasi mkubwa wa rangi ya samawati, wakamwita Marco Cavallo, kwa jina la farasi wa kweli aliyekuwa akikokota gari la nguo za kufuliwa. Alikuwa mrefu hata hakuweza kupita mlangoni. Ikabidi mlango uvunjwe, ndipo akashuka mjini na watu wakimfuata.

Mji haukuwapokea wote kwa shangwe, wala hofu yake haikuwa ya kubuni tu. Mwaka wa 1972 mtu aliyekuwa ameruhusiwa kutoka aliwaua wazazi wake. Basaglia akashtakiwa, kisha akaachiliwa. Hata hivyo kazi haikusimama. Walipatiwa nyumba za kukaa wachache wachache, na tokea mwaka wa 1975 vikafunguliwa vituo mitaani, ambavyo baadaye vilikuwa wazi usiku na mchana, vyenye vitanda vichache, ili anayezidiwa apate pa kulala bila kurudishwa kilimani.

Tarehe 13 Mei 1978 Bunge la Italia lilipitisha Sheria namba 180, iliyokataza kujenga hospitali mpya za namna ile na kuamuru zilizopo zifungwe polepole. Basaglia alifariki mwezi wa Agosti 1980. Sheria ilikuwa moja kwa nchi nzima, lakini vituo havikuwa sawa. Katika mikoa mingi mgonjwa alirudishwa kwao bila ushirika, bila nyumba, bila muuguzi wa kupita kumjulia hali, na mzigo ukawaangukia mama na dada zake. Wengine hawakurudishwa popote: hospitali za mwisho za serikali zilikuja kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, takriban miaka 20 baada ya sheria, nao walikuwa bado wamo ndani.